Nimeing'oa Haidro, Nimefunga Gia

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikitunza ua mkubwa upande wa Casuarina, kusini mwa mji wa Malindi, ulioanzia barabarani na kuteremka hadi kwenye mchanga wa pwani. Kazi hiyo isingewezekana bila trakta ndogo ya kukatia nyasi, ile ambayo mtu huketi juu yake akaiendesha, iliyotufikia ikiwa mtumba kupitia Mombasa. Kabla ya masika yaliyopita niliitoa giaboksi yake ya haidrostatiki, ambayo mafundi huiita haidro, nikafunga mahali pake giaboksi ya kawaida ya kubadilisha kwa mkono. Wenzangu wawili wenye mashine kama hiyo wameniambia wazi kwamba nimeirudisha nyuma. Sikubaliani nao, ingawa sitamshauri kila mtu afanye nilivyofanya.

Haidro ni chombo cha werevu, na anayeidharau hajapata kuiendesha. Injini huzungusha mkanda, mkanda huzungusha pampu iliyo ndani ya kasha la alumini, na pampu hiyo husukuma mafuta kwa nguvu kwenye mota iliyoungana na ekseli ya nyuma. Ndani ya pampu mna pistoni ndogo zilizopangwa kwa duara, zikiegemea sahani inayoinama. Sahani ikilala sawa, pistoni hazisukumi kitu na mashine husimama. Ikiinamishwa kidogo kwa pedali, mashine huanza kutambaa. Ikiinamishwa upande wa pili, hurudi nyuma. Hakuna klachi ya kukanyaga wala gia ya kutafuta. Injini hubaki kwenye mwendo wake wote, visu vikikata kwa kasi ileile, na dereva huamua kwa ncha ya kiatu tu aende upesi au polepole.

Lakini usafirishaji wa nguvu kwa mafuta hautoki bure, kwani sehemu ya nguvu hiyo hugeuka kuwa joto ndani ya kasha. Watengenezaji hulipunguza joto hilo kwa mapezi yaliyochongwa kwenye alumini na kwa feni ndogo ya plastiki iliyofungwa juu ya puli. Sasa mtu afikirie hali yetu: jua la kaskazi, upepo wenye chumvi, mchanga laini wa matumbawe unaorushwa na magurudumu, na mabaki ya nyasi mbichi yanayoganda juu ya kila kitu. Nilipolifungua vazi la mashine yangu mara ya kwanza nilikuta mapezi yamezibwa kabisa kwa tope kavu la kijani, gumu kiasi cha kubanduliwa kwa bisibisi, na feni imebaki na majani mawili. Mafuta yakipata moto kupita kiasi huwa mepesi, na mafuta mepesi hupenya pembeni mwa pistoni badala ya kuzisukuma. Ndiyo maana dalili ya haidro iliyochoka ni ileile kila mahali: asubuhi inakwenda vizuri, baada ya nusu saa inakosa pumzi, na ukiielekeza kwenye mlima mdogo tu inanguruma bila kusogea.

Kosa lililonikera zaidi halikuwa la jua. Haidro nyingi za mashine za nyumbani huuzwa kwa maelezo kwamba hazihitaji kubadilishwa mafuta, na baadhi yake hata hazina tundu la kuyamwagia. Kuyabadilisha kunakutaka uitoe giaboksi nzima, uigeuze kichwa chini, uyaache yachuruzike, uijaze upya, kisha uitoe hewa: magurudumu ya nyuma yakiwa yameinuliwa, injini ikiwaka, pedali ikisukumwa mbele na nyuma taratibu, kwanza kijiti cha kulegeza, kinachoyaachia magurudumu yazunguke bila kushikwa na haidro, kikiwa kimefunguliwa, baadaye kikiwa kimefungwa. Tulifanya hivyo. Mafuta yaliyotoka yalikuwa ya kijivu, na yalipotulia kwenye beseni yalionyesha mng'aro wa chuma kilichosagika. Mashine ikapata nafuu ya wiki chache, kisha ikakata tamaa moja kwa moja karibu na kisima. Bei ya haidro mpya, pamoja na kusafirishwa, ilikaribia nusu ya bei niliyonunulia mashine yenyewe, na hakuna aliyeweza kuniahidi kwamba ya pili ingeishi zaidi ya ya kwanza.

Fundi wangu, ambaye kazi yake ya kila siku ni tuktuk, alipendekeza kwa moyo mkunjufu tufunge giaboksi ya tuktuk. Pendekezo hilo hutolewa na kila fundi wa mji huu, kwa hiyo linastahili kujibiwa vizuri. Kwanza, katika tuktuk na pikipiki nyingi giaboksi na injini hukaa katika kasha moja. Ukitaka moja umechukua zote mbili. Pili, shafti ya injini ya trakta ya nyasi hutazama chini, kwa sababu visu huzunguka kwa ulalo na vinahitaji mkanda uliolala, ilhali giaboksi za magari hupokea nguvu kutoka kwenye shafti iliyolala. Tatu, na hili ndilo lililomnyamazisha, ni hesabu. Injini ya mashine hizi kwa kawaida hudhibitiwa isizidi mizunguko 3,600 kwa dakika. Gurudumu la nyuma lenye kipenyo cha inchi 20 husafiri kama mita 1.6 kila linapozunguka mara moja, kwa hiyo ili kwenda kilomita 6 kwa saa linahitaji mizunguko 63 hivi kwa dakika. Kati ya injini na gurudumu, basi, mwendo unapaswa kupunguzwa karibu mara 57. Gari dogo likiwa katika gia ya kwanza hupunguza mara kumi na kitu tu. Ungekata nyasi kama unayekimbiza ambulensi.

Kinachofaa ni giaboksi iliyozaliwa na ekseli yake kwa ajili ya trakta ya nyasi, na tuliipata kwenye mashine mbovu iliyokuwa ikiuzwa kwa kilo huko Mtwapa, injini yake ikiwa imepasuka lakini gia zake tano za mbele na moja ya nyuma zikiwa nzima. Nasisitiza kwamba tulinunua mashine nzima ile mbovu. Giaboksi peke yake ingetuacha bila pedali, bila fimbo ya gia, bila puli za kukazia mkanda na bila vipande vya chuma vya kuifungia, na hivyo vidogo ndivyo vinavyokula siku. Ekseli zilikuwa na unene uleule na magurudumu yakaingia na kii zake, yaani vipande vya chuma vinavyoyafungamanisha na ekseli, bila ugomvi, jambo ambalo lilinifanya nidhani kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Puli ya giaboksi haikulingana na ya injini, na fundi akaona njia ya mkato: aigeuze giaboksi, mbele iwe nyuma. Mkanda ukakaa sawa kama umechorwa. Tukawasha, nikaingiza gia ya kwanza, nikaachia klachi taratibu, nikarudi nyuma hadi kwenye boma la mabougainvillea. Tulikuwa tumetengeneza trakta yenye gia tano za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Kijana anayenisaidia bustanini alicheka hadi akakaa chini. Tuliirudisha ilivyotakiwa kuwa, tukachomelea upya kibao cha puli ya kukazia, na siku nzima ikapotea kwa sababu ya nusu saa tuliyotaka kuiokoa.

Urefu wa mkanda tuliupima kwa kamba ya mshipi wa kuvulia, tukaizungusha kwenye puli zote na kuitia alama kwa makaa. Hapa nilifanya ubahili ambao ningependa wengine wauepuke. Nilinunua mkanda wa kawaida wa mashine za karakana, wenye upana uleule. Mfumo wa haidro hauulegezi mkanda kila mara, lakini katika mfumo wa gia mkanda ndio klachi yenyewe: ukikanyaga, puli ya kukazia inaulegeza, ukiachia, unashika tena. Mkanda wa kawaida haukutengenezwa kwa msuguano huo. Wangu ulianza kung'aa pembeni kama kiatu kilichopigwa rangi, ukanyooka, ukateleza. Uliofuata ulikuwa wa mashine za nyasi, wenye nyuzi imara zaidi ndani, na mpaka leo haujadai chochote.

Kuna hasara, nami sizifichi. Gia hizi hazibadilishwi mashine ikiwa mwendoni. Lazima usimame, ukanyage, ubadilishe, uachie. Penye minazi iliyosongamana, ambapo unakwenda mbele na nyuma kila baada ya hatua tatu, ni adha tupu, na mwenye bustani ya aina hiyo abaki na haidro yake na ayasafishe mapezi yake kila wiki. Hasara ya pili ni ya hatari. Haidro ukiondoa mguu kwenye pedali huishikilia mashine yenyewe, hata kwenye mteremko. Ya gia ukikanyaga klachi mteremkoni, magurudumu huwa huru na mashine hushuka yenyewe. Katika yangu pedali ni moja: nusu ya kwanza hulegeza mkanda, nusu ya pili hushika breki, na dereva aliyezoea haidro huishia katika nusu ya kwanza. Kwa sababu hiyo sehemu inayoteremkia baharini tunaingia tukiwa tumeshachagua gia ya kwanza huku juu, na hatuigusi klachi mpaka tufike chini.

Vivyo hivyo kwa swichi za usalama. Fundi alitaka kuziunganisha waya moja kwa moja ili injini iwake bila bughudha, nami nilikataa. Swichi inayozuia kuwasha mpaka klachi ikanyagwe ina maana kubwa zaidi kwenye gia kuliko ilivyokuwa kwenye haidro, kwa kuwa gia inaweza kuachwa imeingia usiku kucha, na asubuhi mtu akageuza ufunguo akiwa amesimama mbele ya gurudumu. Tuliihamisha swichi kutoka pedali ya zamani hadi mpya kwa kipande cha bati na skrubu mbili.

Kilichonishawishi ni jambo dogo lililotokea baadaye. Katikati ya masika gia ya tatu ilianza kuruka. Tuliifungua giaboksi juu ya meza chini ya mwarobaini, tukaona wenyewe kii ya kubadilishia gia ilivyolika kwenye pembe yake, fundi akaipeleka kwa mchonga vyuma mjini, ikarudi alasiri, tukaipaka grisi mpya na kufunga. Haidro ile ya zamani nayo tuliifungua meza hiyohiyo, tukakuta mikwaruzo kwenye silinda ambayo hakuna mashine mjini hapa ya kuisawazisha. Kijana sasa hukata nyasi za Pemba karibu na kisima kwa gia ya kwanza, na upande wa barabarani, zilipo fupi, kwa ya tatu, na ameacha kuniuliza lini tutarudisha haidro.