Isabgol isiwekwe kapu moja na dawa za kusafisha tumbo

Ukiuliza kuhusu isabgol, unga wa nyuzinyuzi wa maganda ya mbegu unaouzwa kwenye makopo, jibu la wataalamu wengi wa lishe ni lile lile: kula dona, maharage na mchicha, achana na makopo. Ni jibu zuri, na kwa mtu mzima mwenye afya sina la kuongeza. Lakini mara nyingi anayeuliza ni bibi asiye na meno ya kutafunia, au mama aliyejifungua juzi akapata bawasiri. Hawa hawaulizi wale nini ili wazeeke vizuri. Wanaulizia choo cha kesho asubuhi, ambacho tayari wanakiogopa.

Upande wa chakula una ushahidi mzito, na ushahidi wenyewe kwa sehemu umetoka kwetu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, aliandika na wenzake mwaka 1972 kwamba wanakijiji wa Uganda walipata choo cha zaidi ya gramu 400 kwa siku, wakati wanamaji wa Uingereza walipata kama gramu 100, na chakula kilichukua zaidi ya mara mbili ya muda kupita tumboni mwao. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti uliofanyika Kilimanjaro: vijana waliotolewa kwenye vyakula vya asili wakalishwa vya kizungu kwa wiki mbili tu, viashiria vya uvimbe katika damu yao vilipanda. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2023, liliposhauri angalau gramu 25 kwa siku, lilizungumzia nyuzinyuzi zilizomo ndani ya chakula chenyewe. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina zaidi ya gramu 10, pamoja na protini, madini na lishe ya bakteria wa utumbo mpana. Isabgol huwapa bakteria hao kidogo sana, kwa kuwa haichachi kwa urahisi.

Upo pia utafiti wa Ulaya wa mwaka 2000 ambao watetezi wa makopo huuruka. Watu waliowahi kutolewa kwenye utumbo mpana vinyama vinavyoweza kugeuka saratani walipewa gramu 3.5 za isabgol kila siku kwa miaka mitatu. Vinyama vilirudi kwa asilimia 29 yao, na kwa waliopewa unga usio na dawa, asilimia 20. Kwa hiyo anayeiuza isabgol kama kinga ya saratani ya utumbo anadanganya watu. Ninachokitetea ni kazi moja tu: choo.

Isabgol ni maganda ya mbegu za mmea unaolimwa sana Gujarat na Rajasthan huko India. Tia kijiko chake kwenye glasi ya maji, usubiri. Dakika chache tu, maji yamekuwa mazito kama uji wa muhogo, na huwezi tena kuyatenganisha. Tumboni ndivyo inavyokuwa. Utumbo mpana hunyonya maji, lakini ute huu hauyaachii, na kwa kuwa bakteria hawaumalizi, unafika mwisho ukiwa bado umeyashika. Choo kigumu kinalainika. Na anayeharisha naye husaidika, maana ute huo huo hukusanya maji yaliyozidi.

Wanaosema kwamba pumba za ngano zingefanya kazi ile ile bure wasome jaribio la Uholanzi la mwaka 2009. Wagonjwa 275 wa IBS, yaani utumbo kuuma, kujaa gesi na choo kubadilika bila kipimo kuonyesha kidonda, waligawanywa makundi matatu: gramu 10 kwa siku za isabgol, za pumba, au za unga wa mchele. Mwezi wa kwanza, waliopata nafuu ya kutosha kwa isabgol walikuwa asilimia 57, kwa unga wa mchele 35. Nimeirudia mara nyingi hiyo 35. Inaonyesha kwamba kati ya kila watu watatu, zaidi ya mmoja alipata nafuu kwa unga wa mchele mtupu, basi shuhuda za mitandaoni za “nilitumia nikapona” hazitoshi kuthibitisha kitu. Lakini tofauti ya 22 juu yake si ya kupuuzwa. Kundi la pumba ndilo lililoongoza kwa watu kuacha mapema, wengi wakisema hali imezidi kuwa mbaya. Yaani ushauri wa “ongeza tu nyuzinyuzi”, bila kusema zipi, unaweza kumwumiza mtu.

Nadhani kinachoiharibia isabgol jina ni majirani zake kwenye rafu. Chai nyingi za “kusafisha tumbo” zina sanamaki, ambayo huuchokoza utumbo ujikaze na kusukuma. Ndiyo maana tumbo husokota usiku kucha. Isabgol haiuchokozi utumbo. Unga mwingine ulioandikwa “nyuzinyuzi” ni inulini, inayochacha haraka, ikaleta gesi na kusaidia choo kidogo tu. Ukisoma maandishi ya nyuma ya kopo utajua umeshika nini.

Hoja ya wapinzani ninayoikubali bila kubisha ni ya maji. Wapo wauza maduka na madereva wanaojinyima maji kutwa kwa kukosa choo cha kwenda. Wao isabgol itawazidishia taabu, na ikimezwa kavu inaweza kuvimba kooni ikamkaba mtu. Inywewe mara tu ikichanganywa, na glasi kamili ya maji, ikianza kidogo na kupanda polepole kwa siku kadhaa, na dawa nyingine zipishane nayo kwa saa mbili hivi. Mwenye damu kwenye choo, anayekonda bila sababu, au mtu wa zaidi ya miaka 50 ambaye choo chake kimebadilika ghafla, asinunue kopo lolote kabla hajapimwa hospitali.