Ndoa ndani ya Katiba: mama wa dagaa aliuliza "wangapi?"

Asubuhi moja Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, magunia ya dagaa yakipakiwa kwenye fuso, kijana mmoja alikuwa akimwambia mwenzake: "Wabunge waiandike kwenye Katiba, ndoa ni mwanamume na mwanamke, yaishe." Mama aliyekuwa anashona gunia pembeni akauliza bila kuinua kichwa: "Wangapi?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka sana.

Majirani zetu wa Ziwa Victoria walishaiandika. Uganda, mwaka 2005, Bunge liliongeza kwenye ibara ya 31 kwamba ndoa ya watu wa jinsia moja ni marufuku. Sheria hiyohiyo ya mabadiliko ndiyo iliyoondoa ukomo wa mihula ya urais. Ndoa na Ikulu kapu moja! Kenya walipiga kura wananchi wenyewe, Agosti 2010: ibara ya 45 inampa mtu mzima haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti. Swali la yule mama halikujibiwa humo. Lilirudi bungeni 2014, sheria ya kutambua mitala ilipopita, na wabunge wanawake wakatoka ukumbini kwa hasira.

Marekani nao walijaribu kuiandika kwenye Katiba yao. Kwenye Seneti, mwaka 2004 kura za kutaka mjadala ufungwe ili pendekezo lenyewe lipigiwe kura zilikuwa 48 dhidi ya 50. Mwaka 2006 zikawa 49 dhidi ya 48, na zilihitajika 60. Miaka yote miwili ilikuwa ya uchaguzi.

Hapa kwetu Tanzania, kifungu cha 9 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, uliokusudiwa kudumu maisha yao yote. Wanaotaka jambo hilo lipande hadi kwenye Katiba wana hoja. Sheria ya kawaida hubadilishwa kwa sauti tu: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, imekwisha. Katiba, kwa ibara ya 98, inataka theluthi mbili ya wabunge wote, na hao lazima wahesabiwe. Anayeona mila yake iko hatarini ana haki ya kutaka kufuli kubwa.

Lakini kufuli la mlango upi? Sheria ya 1971 ni ya Tanzania Bara. Ukiingiza tafsiri kwenye Katiba ya Muungano umeibeba mpaka Zanzibar, ambako ndoa ina utaratibu wake. Kisha urudi kwa mama wa dagaa: ukiandika "mmoja kwa mmoja" umewagusa Waislamu na wazee wengi wa Usukumani, ambao kifungu cha 10 kinawaruhusu mitala. Usipoandika idadi, umenakili tu kilichopo tangu 1971.

Kifungu kinachonikera mimi ni cha 13, kinachomruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 wakati mvulana anasubiri 18. Mahakama Kuu ilikikataa mwaka 2016 katika kesi ya Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, ikatoa mwaka mmoja kirekebishwe. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Mwaka ule ulishapita, kura ya kukirekebisha bungeni haikupigwa.

Wanaokitetea si watu wabaya wote. Baba wa kijijini Misungwi atakwambia binti aliyeacha shule ni heri aolewe kuliko apate mimba nyumbani, na wako wanaosema dini haihesabu miaka, inaangalia kubalehe. Hofu ya baba naielewa. Ila ndoa ya miaka 15 haimrudishi binti darasani, inamhamishia mimba ileile nyumba nyingine.

Kura ya kusema ndoa ni mwanamume na mwanamke haimgharimu mbunge hata shilingi. Atashangiliwa kanisani na msikitini. Ya kifungu cha 13 akirudi nayo jimboni atamkuta mzee aliyekwishahesabu ng'ombe wa mahari. Hiyo ndiyo ningetaka ipigwe kwa kuitwa majina, mmoja mmoja, redio zikiwa wazi.