Afadhali Bratislava Kuliko Mchwa

Wiki iliyopita nilifungua sanduku la marehemu babu. Mvua za mwaka huu zilishapata njia darini, na mchwa walishaitangulia mvua. Msahafu salama, alhamdulillahi. Lakini ule utenzi wa mkono, hati za Kiarabu, wino mweusi na vitone vyekundu vya kutenga vipande, umeliwa kuanzia mshononi, upande wa kulia. Kila ubeti umebakiwa na mkia tu, pale ukingoni kushoto: -ya, -ya, -ya. Vina tunavyo. Shairi hatuna.

Zamani alikuja mtafiti akaomba kuununua, au walau aupige picha. Ami akamtoa mkuku. "Urithi hauuzwi, mwanangu," akaniambia, nami nikavimba kichwa kwa fahari. Juzi nimeandika kwenye kundi la ukoo kwamba laiti tungeuza, nimeitwa msaliti na watu ambao hata kufagia chumba cha lile sanduku hawajawahi.

Basi nawaletea msaliti mkubwa kuliko mimi: Safvet-beg Bašagić.

Huyu alizaliwa Nevesinje, Herzegovina, mwaka 1870. Alikuwa mshairi, alishiriki kuanzisha jarida la Behar mwaka 1900, akafika hadi kuwa spika wa bunge la Bosnia chini ya Austria-Hungaria. Siasa zake nazipita mbio. Ninayempenda ni yule wa tasnifu ya Vienna, 1910, iliyotoka kitabu Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, miaka miwili baadaye. Waislamu wa Bosnia walikuwa wakivutwa huku na huku: huyu anawaambia nyinyi ni Waserbia, yule nyinyi ni Wakroatia, mmebadili dini tu. Bašagić hakupiga kelele. Aliwataja Wabosnia waliotunga kwa Kiarabu, Kituruki na Kiajemi, mmoja baada ya mwingine, na walichoandika. Sisi wa pwani tuliokwisha kuambiwa hatukuwa na maandishi mpaka wageni waje, tunajua utamu wa jibu la namna hiyo.

Orodha kama ile haitoki hewani. Alikuwa na hazina yake ya miswada, na mwaka 1924 akaiuza. Si Sarajevo. Bratislava, Chekoslovakia ya wakati ule, Slovakia ya leo!

Nawasikia. Mtu alikuwa mtunzaji katika Makumbusho ya Nchi hapo hapo Sarajevo, si angewaachia wao? Haya, tufuate hiyo njia yenu. Mwaka 1950 ilianzishwa Taasisi ya Mashariki, na miswada ya makumbusho ikahamishiwa huko. Mei 17, 1992, katika vita vya Bosnia, taasisi hiyo ikapigwa makombora ya moto na majeshi ya Waserbia wa Bosnia kutoka milimani. Juzuu 5,263 za miswada, karibu hazina yake yote, majivu. Agosti mwaka huo huo ikafuata Vijećnica, maktaba ya taifa. (Na katika vigogo wa upande uliokuwa ukipiga alikuwemo Nikola Koljević, profesa aliyefundisha Shakespeare katika mji huo huo. Usomi nao.)

Vya Bašagić vilikuwa wapi siku hiyo? Rafuni, Bratislava, vikavu. Mwaka 1997 UNESCO ikaviingiza katika rejista ya Kumbukumbu ya Dunia.

Sisemi alitabiri 1992. Ila Balkani aliijua. Alikuwa ameona dola mbili, ya Waosmani na ya Austria-Hungaria, zikiondoka juu ya kichwa chake, na alitaka vitabu vyake vipate mahali patulivu. Msaliti gani huyo anayehangaikia usalama wa anachokisaliti?

Mtanijia na Maktaba ya Gazi Husrev-beg, najua. Ipo Sarajevo tangu 1537, na miswada yake ilipona bila kuuzwa kokote. Ni kweli, nakubali shingo upande. Lakini ilipona kwa sababu wafanyakazi wake waliibeba mikononi, ndani ya maboksi ya ndizi, wakavuka mji na wadunguzi wakiwalenga, wakaificha hapa, wakaihamishia pale. Nani katika ukoo wetu atabeba boksi chini ya risasi, iwapo bati moja la dari limetushinda?

Na ndiyo, inauma. Mbosnia anayetaka kuishika karatasi aliyoiandika babu wa babu yake, sharti apande basi hadi Slovakia. Inaniuma hata mimi nisiyemjua mtu huko. Lakini akifika, ataikuta.

Jana nimerudi kwenye sanduku na simu. Karatasi kumi na nne zimekubali kubanduliwa kwa ncha ya kisu. Zilizobaki zimeshikana kama chapati mbichi. Nilikuwa nazipanga juu ya mkeka, dirisha wazi nipate mwanga, ami akasimama mlangoni na bakora yake.

"Hizo picha unampelekea nani?"

Nikamwambia, yeyote atakayezitaka, ami. Hakujibu. Akakaa kwenye kiti, akaniambia ile ya tatu nimeigeuza juu chini.