Kiebrania kugeuka ùìåí: tuache kusingizia fonti

Inaudhi mno. Mfumo mmoja unatuma שלום, wa pili unaonyesha ùìåí, na watu wanakimbilia kubadilisha fonti. Fonti haihusiki! Hizo ni baiti za Windows-1255, usimbaji (jedwali la kugeuza herufi kuwa namba) wa Kiebrania, zilizosomwa kama Windows-1252, usimbaji wa lugha za Ulaya Magharibi. Ukiona alama × imejirudia-rudia, hapo ni UTF-8, usimbaji wa lugha zote, iliyosomwa hivyo hivyo, maana kila herufi ya Kiebrania huchukua baiti 2 na ya kwanza ni D7 kwa heksi (namba za msingi wa 16). Alefu, herufi ya kwanza ya Kiebrania, ni D7 90 kwenye UTF-8, E0 kwenye Windows-1255, na 80 kwenye CP862, usimbaji wa enzi za DOS. Basi tazama baiti zenyewe kwa heksi kabla ya kugusa chochote!

Kisha badilisha mara moja tu, ukitaja usimbaji wa pande zote mbili, kwa programu ya iconv: iconv -f WINDOWS-1255 -t UTF-8. Kubadilisha mara mbili ndiko kunakovuruga zaidi. Ukikuta 3F mfululizo, yaani ????, herufi zimeshapotea. Omba data itumwe upya.

Maneno yakija kinyumenyume, hilo ni jambo jingine: mfumo wa zamani umehifadhi herufi kwa mpangilio wa kuonekana kwenye skrini, si wa kusomwa. Usigeuze mstari mzima, tarakimu nazo zitageuka.