Kwani Floyd Naye Hakufanya Kitu?

Wiki iliyopita kijana mmoja wa kijiwe chetu cha bodaboda hapa Nkuhungu, Dodoma, alirudi jicho limevimba, mgongo una michirizi ya virungu. Alilala ndani, asubuhi akaachiwa bila kuambiwa kosa lake. Mzee mmoja akapuliza kahawa yake, akatoa hukumu: "Polisi hawampigi mtu bure. Lazima kuna kitu alifanya." Vichwa vikatikiswa kukubali, watu wakarudi kwenye Simba na Yanga.

Hao hao mwaka 2020 walimlilia George Floyd, Mmarekani mweusi aliyeuawa na polisi! Mmoja aliweka mraba mweusi wa maombolezo kwenye WhatsApp, akakaa nao mpaka tukamzoea. Haya, tuulizane. Kwani Floyd hakuwa na tuhuma? Polisi waliitwa kwa sababu alidaiwa kulipia sigara kwa noti bandia ya dola 20. Hata kama ni kweli, noti bandia ni kesi ya mahakamani. Adhabu yake si goti la askari shingoni kwa zaidi ya dakika tisa. Hilo kijiwe kizima kililielewa bila mwanasheria. Likija Nkuhungu, ghafla tunataka kwanza kujua kijana alifanya nini.

Na taarifa ya kwanza ya polisi wa Minneapolis, mji alikofia Floyd, ilizungumzia mtu aliyeonekana ana tatizo la kiafya, akafia hospitalini. Basi. Ingeishia hapo kama si Darnella Frazier, binti wa miaka 17, aliyesimama na simu yake akarekodi. Mwaka uliofuata Derek Chauvin, askari mwenye lile goti, akafungwa miaka 22 na nusu.

Kuna wanaosema ule ni ubaguzi wa rangi, huku sote weusi. Tyre Nichols, kijana mweusi wa Memphis, hukohuko Marekani, alipigwa na polisi Januari 2023, akafa siku tatu baadaye. Askari watano walioshtakiwa wote walikuwa weusi. Tuendelee.

Nakubali, tena shingo upande: tunapakia mishikaki (abiria zaidi ya mmoja), tunapita taa nyekundu, na wapo miongoni mwetu wanaokwapua simu za watu. Wakamatwe. Lakini ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika, na inakataza kumtesa na kumdhalilisha mtu. Sijaona palipoandikwa "isipokuwa bodaboda".

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kujipanga tunajua. Mwenzetu akifiwa, kabla jua halijachomoza turubai limeshafungwa, sufuria zimefika, mweka hazina anazunguka na daftari. Hakuna anayeuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Akishikwa sasa! Kila mtu anakumbuka ana abiria wa kumpeleka Kisasa.

Kule Marekani tunamkumbuka Rosa Parks, mwanamke mweusi aliyekataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi. Jo Ann Robinson, aliyekesha akichapa maelfu ya vipeperushi vya kuitisha mgomo wa mabasi, hatumjui, wala hatuujui utaratibu wa kupeana lifti uliowawezesha watu kususia mabasi ya Montgomery kwa siku 381. Usafiri, jamani! Kazi yetu kabisa hiyo.

Kwa hiyo nimepeleka ombi kwa mwenyekiti wa kijiwe. Mwenzetu akishikwa, wawili waende kituoni usiku huohuo wakiwa na vitambulisho, waulize kosa ni nini, waandike saa na jina la askari wa zamu, waombe kumdhamini. Akitoka ameumia, apelekwe hospitali akiwa na PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ambayo (chekeni kidogo) inatolewa na polisi haohao. Halafu maelezo yaandikwe, yapelekwe Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Makao makuu yake yapo hapahapa Dodoma, na mafuta ya kufika huko tunayo. Fedha zitoke kwenye mfuko uleule wa misiba, maana tukichelewa zitatoka tu.

Mwenyekiti amesema wazo ni zuri, ataliingiza kwenye kikao cha Jumapili. Litajadiliwa muda ukibaki, baada ya ajenda ya kwanza: rangi ya vizibao vipya.