Tiketi Ziliisha Zamani

Kofia ndiyo iliyoniponza. Niliinunua mitumba ya Karume baada ya kubishana bei mpaka muuzaji akaniuliza kama nataka anipe na nauli juu. Ilikuwa ya bluu, herufi N na Y zimekumbatiana kwa uzi mweupe. Dar es Salaam nzima inavaa kofia hizi: bodaboda, muuza mihogo, hata fundi aliyejenga choo chetu. Hakuna anayeuliza ni ya timu gani. Ni kofia ya jua.

Siku ninaondoka, kaka yangu, ambaye ni Yanga lialia, alinitazama kichwani akasema, "Mdogo wangu, hiyo ni Yankees, timu ya besiboli ya New York. Ndiyo Yanga ya huko. Yankees, Yanga, jina ni lilelile, wenzetu wamelivuta tu kidogo. Ukifika, hao hao washike."

Nikaahidi. Mkubwa ni mkubwa.

Nikafika Pittsburgh mwishoni mwa Agosti 2024, chuoni. Kufika Oktoba nilikuwa nimejifunza mambo matatu: kwamba baridi inayoitwa "kidogo" inauma mpaka kwenye meno, kwamba ukiulizwa "hujambo" na mtu anayepita huku anatembea usisimame kujibu, na kwamba besiboli ni mchezo wa watu kusimama. Mmoja anarusha, mmoja anapiga, waliobaki wanasubiri, awamu tisa, na zikiisha sare wanaongeza. Ukiupiga mpira ukaruka ukuta wa uwanja, hiyo ni homurani: unazunguka vituo vinne kwa raha zako mpaka nyumbani, na kila anayefika nyumbani ni pointi, hakuna beki, hakuna kipa, wala VAR. Hilo nililipenda. Yankees nao nilisikia wako kwenye mtoano, wamewatoa Kansas City siku chache nyuma. Nikamtumia kaka ujumbe: *Chama letu limo.*

Jumapili ya tarehe 13 Oktoba nilikuwa naelekea maktaba nikiwa na kazi ya Profesa iliyochelewa wiki nzima. Njiani, mtaa wa Oakland, nikakuta kundi la watu, wengi wao wazee, wamekaa kwenye viti vya kukunja mbele ya ukuta mrefu wa matofali uliovaa mimea. Ukutani imeandikwa 457, pembeni kuna mlingoti wa bendera. Katikati yao kuna spika, na kwenye spika kuna mpira unatangazwa.

Mtu wa Dar hahitaji kuelezwa. Uwanja uko ndani, hela ya kiingilio haipo, kwa hiyo watu wamejibanza ukutani na redio. Hayo ndiyo maisha yetu. Nikasahau Profesa.

"Mechi gani, mzee?" nikamuuliza wa karibu.

Aliitazama kofia yangu, akayashusha macho usoni, akarudi kwenye kofia. "Mchezo wa saba wa World Series. Pirates na Yankees."

Moyo ukaruka. Fainali ya michezo saba, na huu ndio wa mwisho, Yankees na Pirates, timu ya hapahapa Pittsburgh! Na mimi nimepita hapa kwa bahati tu!

"Sasa mbona hamuingii ndani?"

Mzee akautazama ukuta kwa muda. "Tiketi ziliisha zamani, kijana."

Nikamhurumia sana. Akaniachia nusu ya sanduku alilowekea miguu, nikakaa.

Nilikuta Pirates wanaongoza nne kwa moja. Sijakaa vizuri, awamu ya sita, tukapata moja, kisha mtu wetu mmoja anaitwa Berra akaipiga homurani iliyoleta watatu kwa mpigo. Tano kwa nne! Nikaruka peke yangu, kofia mkononi. Nilichotegemea ni matusi, maana ukiingia upande wa Simba na kushangilia bao la Yanga lazima uwe na mbio. Wazee hawa walinitabasamia kama watu wanaomtazama mtoto anayejifunza kutembea. Nikasema moyoni, kumbe huku kuna ustaarabu.

Kwenye mapumziko ya awamu ndipo lilipoanza bishano lenyewe: homurani gani ndiyo isiyosahaulika kuliko zote. Lilikuwa bishano la miaka, unaona kabisa kila mtu ana kiti chake na hoja yake.

Bwana mmoja aliyekulia Boston akasema haipo inayomfikia Carlton Fisk, 1975, awamu ya 12. Fisk aliupiga mpira ukawa unaelekea kutoka nje ya mstari, naye akabaki anaruka na kuupungia mikono urudi ndani, kama konda anayemwelekeza dereva anaporudi nyuma. Mpira ukasikia. Ukagonga nguzo ya mstari, na kwao hiyo ni homurani.

"Na mchezo uliofuata?" akauliza bibi mmoja mwenye thamosi.

Bwana wa Boston akatazama viatu vyake. Mchezo uliofuata walifungwa.

Bibi yeye, wake alikuwa Kirk Gibson, 1988, wa Dodgers. Miguu yote miwili mibovu, hakutakiwa hata kuvaa. Wakamwita mwishoni kabisa, akaja anachechemea, akaupiga kwa nguvu za mikono tu, akazunguka vituo kama mstaafu anayefuata pensheni. Hakupiga tena fainali zote zile. (Siku kumi na mbili baada ya bishano hili, Freddie Freeman wa Dodgers, kifundo cha mguu kibovu, aliupiga mwingine uleule na kuleta watu wanne nyumbani. Aliwapiga akina nani? Yankees. Niliangalia nikiwa nimekalia mikono yangu, sikuweka senti.)

Mwingine akamtaja Joe Carter wa Toronto, 1993, aliyemaliza fainali nzima kwa mpigo mmoja. Mwingine Babe Ruth, 1932, Chicago, anayesemekana alinyoosha kidole kuonyesha atakakoupeleka mpira, akaupeleka hukohuko. Hapo nusu yao wakapiga kelele kwamba hakunyoosha kitu. Watu wamebishania kidole cha marehemu kwa miaka tisini! Halafu mzee wangu akamleta Bobby Thomson wa Giants, 1951, New York, iliyowaua Dodgers. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ilikuja kujulikana Giants mwaka ule walikuwa na mtu wao na darubini, kajificha mbali ng'ambo ya uwanja, anasoma ishara za wapinzani.

Nikamwambia kwetu hiyo inaitwa kamati ya ufundi, na darubini ndiyo kifaa chake cha heshima zaidi.

"Na wewe, mzee, yako ipi?" nikauliza.

"Yangu bado haijafika," akajibu, akatazama saa ya mkononi.

Nikaona huyu mzee ana maneno ya fumbo, labda umri.

Nami nikataka kuchangia. Nikawaeleza Novemba 2023, Yanga tano, Simba moja. Nikasimama, nikawaonyesha mabao kwa mguu. Bibi akanimiminia kahawa. Kisha mzee akaniuliza swali la kichokozi: timu yenu haijawahi kuongoza halafu ikaharibu? Mimi kwa kiherehere changu nikasema ukweli: Oktoba 2013, tulikwenda mapumziko tunaongoza tatu bila, watu wameshaanza kuagiza soda, mechi ikaisha tatu tatu.

"Kwa hiyo unalijua jambo hili," akasema.

Hakuna aliyenikanya waziwazi kama huyo. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Awamu ya nane Yankees wakaongeza mbili, saba kwa nne, na mimi nikapandwa na jini la kubeti.

"Mzee," nikasema, "naweka dola ishirini. Yankees wanachukua."

Pakawa kimya. Bibi alikuwa anakunywa, kahawa ikampitia puani.

"Kijana," mzee akasema taratibu, "haitakuwa haki."

Mimi nikadhani ananidharau. Mtu kavuka bahari mbili, unamwambia habari za haki? "Mzee, ishirini ya kwangu mwenyewe. Unaogopa?"

"Na mimi ishirini," akadakia bibi, anajifuta. "Na mimi," akasema wa Boston. Jumla sitini. Mfukoni nilikuwa na arobaini na tano, nazo ndizo za kula mpaka mwisho wa mwezi. Lakini nani analipa deni la kushinda?

Kilichofuata nakikumbuka vizuri kuliko kazi ya Profesa. Mpira mmoja wa chini, wa kawaida kabisa, ukadunda vibaya ukampiga mchezaji wetu Kubek kooni. Nikapiga kelele, "Kadi nyekundu!" Hakuna kadi. Pirates wakaanza kuingia nyumbani mmoja mmoja. Kisha nikaona kitu cha ajabu: mpigaji wao, Hal Smith, hata hajarushiwa mpira, wazee wote wameshaanza kusimama. Nikajiambia, hawa wana uzoefu, wananusa. Mpira ukarushwa, ukapigwa, ukaenda. Tisa kwa saba.

Awamu ya tisa Yankees wakarudisha mbili. Tisa kwa tisa! Nilicheza pale lamini hadi jasho likanitoka kwenye baridi. Wote wananitazama kwa upole ule wa kwenye msiba.

"Zimebaki dakika chache," mzee akasema.

Dakika? Mimi mwenyewe nimefundishwa kwamba besiboli haina saa.

Saa tisa na dakika thelathini na sita alasiri, mtu anayeitwa Bill Mazeroski akaupiga mpira. Sikuhitaji mtangazaji, wazee walikuwa wamekwishakumbatiana kabla ya mlio wa gongo. Berra, Berra wangu wa awamu ya sita, alirudi nyuma mpaka ukutani, akautazama ukipita juu yake. Bibi analia. Bwana wa Boston, ambaye hata timu si yake, naye analia. Mkeka wangu ukachanika vipande vya kufungia karanga.

Hapo ndipo Mungu aliponiletea, nikadhani, wokovu. Mtangazaji, kwa furaha, akasema Pirates wameshinda kumi kwa bila.

"Hapana!" nikarukia. "Mmesikia? Kumi kwa bila! Ilikuwa tisa tisa! Mtangazaji hajui matokeo, dau limevunjika!"

"Ni kweli amekosea," mzee akakubali. "Hata mrushaji amemtaja mwingine. Amesema Ditmar, kumbe ni Ralph Terry."

"Basi si mnaona!"

"Anakosea hivyohivyo kila mwaka."

Nikafungua mdomo kumjibu. Nikaufunga.

"Kila mwaka... vipi?"

Mzee akaweka mkono begani kwangu, mkono wa mtu aliyelibeba jambo hili kwa saa nzima na sasa anautua mzigo. "Kijana, mechi hii ilichezwa tarehe 13 Oktoba, 1960."

Mama yangu alikuwa hajazaliwa. Tanganyika ilikuwa haijapata Uhuru. Mimi nimeiwekea pesa za mchele.

Wakanieleza yote, kwa zamu, wakishikana mabega kwa kicheko. Uwanja uliitwa Forbes Field, ulifungwa 1970, ukabomolewa. Hicho kipande cha ukuta ndicho kilichosalia, hakuna mtu nyuma yake anayecheza chochote. Kila tarehe 13 Oktoba wanakuja na viti, wanaiweka rekodi ya matangazo saa saba mchana, ili homurani ya Mazeroski itokee dakika ileile iliyotokea. Hakuna fainali nyingine ya besiboli iliyowahi kuamuliwa mchezo wa saba kwa homurani ya mwisho namna ile. Kituo cha nyumbani nacho bado kipo, chini ya kioo, sakafuni kwenye jengo la Posvar Hall la chuo. Nilikuwa nakipita kila Jumanne nikienda darasani, nikidhani ni mfuniko wa bomba.

Kilichoniuma hasa ni hesabu. Katika michezo ile saba Yankees walipata pointi 55, Pirates 27. Walishinda 16 kwa 3, wakashinda 10 bila, wakashinda 12 bila, halafu wakakosa kombe. "Mzee, kwa hesabu za mtaani kwetu, kombe letu hilo," nikamwambia. Akasema New York wanasema vivyo hivyo mpaka leo.

Hela walikataa. Bibi alisema kumnyang'anya mtu kwa mechi ya 1960 ni dhambi hata kwa Mpresbiteri. Lakini wakakaa kikao, wakaamua lazima kuwe na adhabu, na kofia yangu ya Karume ikachukuliwa. Mzee akavua yake, nyeusi yenye herufi P ya njano, akanivalisha mwenyewe.

Usiku nikampigia kaka kwa video, nikamweleza yote, maana ningemficha angesikia kwa wengine. Alikaa kimya muda mrefu, nikafikiri mtandao umekata.

"Hiyo kofia," akasema mwishoni. "Nyeusi na njano. Mbona hizo ni rangi zetu? Wewe ulikuwa unashangilia nani?"

"Si ulisema Yankees, kaka?"

"Mimi nilisema jina. Macho unayo mwenyewe." Akafikiri tena. "Na hao Yankees, walipokosa kombe wakafanyaje?"

Mzee alikuwa amenieleza na hilo. "Walimwondoa kocha. Siku tano baadaye. Mzee wa miaka 70, alikuwa amewaletea makombe saba."

Kaka akatikisa kichwa taratibu, kwa heshima.

"Basi sikukosea," akasema. "Na hao pia ni Yanga."