Baba Mkwe, Shyamalan na Miti

Baba mkwe wangu ni bwana miti mstaafu wa Lushoto. Misonobari aliyoipanda huko milimani ni mingi kuliko watu aliowahi kusalimiana nao, na miti anaiheshimu zaidi.

Mimi kwa upande wangu ni mpiga debe nisiyelipwa wa M. Night Shyamalan, mwongozaji wa sinema za kutisha wa Marekani. Tangu nilipoona The Sixth Sense ya 1999, ile ya mtoto anayeona wafu, nikamalizia na Signs ya 2002 iliyonifanya nilale taa inawaka, nimekuwa nikimnadi mtaa mzima. Basi wakwe walipokuja Tanga kututembelea, nikawawekea The Happening. Mwenyewe nilikuwa sijaiona, lakini kwa jina la mwongozaji yule ningeweka rehani pikipiki.

Baada ya isha nikawafukuza watoto sebuleni, nikazima taa, nikaanza kunogesha.

"Baba, sinema hii ilitoka Ijumaa tarehe 13 Juni 2008. Wazungu wanasema Ijumaa ya namna hiyo ina mkosi."

Akaniangalia, kofia ya swala bado iko kichwani. "Ijumaa? Ina mkosi?"

Mke wangu akanikata jicho. Nikawasha sinema haraka.

Nisimdhulumu mtu: mwanzo ni mtamu. Bustani kubwa ya New York, watu wanasimama ghafla kama wamegandishwa, kisha wanaanza kujiua. Mafundi ujenzi wanajirusha kutoka ghorofani, mmoja baada ya mwingine. Mama mkwe akavuta kanga hadi puani. Nikajisemea, leo hapa halali mtu.

Kisha ikajulikana muuaji ni nani. Miti. Imewachoka binadamu, inatoa sumu hewani.

Baba mkwe, aliyekuwa ameanza kusinzia, akakaa wima. "Miti gani?"

"Miti tu, baba."

"Hakuna miti tu. Msonobari? Mkaratusi?"

Sumu yenyewe inasafiri na upepo, kwa hiyo majani yakitikisika kidogo, watu wanatimua mbio nyikani. Mama mkwe, niliyekuwa namtafsiria, akaninong'oneza, "Wanakimbia nini?"

"Upepo, mama."

"Kimbunga?"

"Hapana, upepo wa kawaida."

Akashusha kanga, akaomba taa iwashwe achambue mchele wa kesho.

Kwa hiyo tukaendelea kuogopa huku taa inawaka na ungo unapetwa. Ndipo Mark Wahlberg, anayeigiza mwalimu wa sayansi, akaingia kwenye nyumba isiyo na watu, akakuta mti kwenye chungu. Akaanza kuubembeleza kwa adabu zote: akautajia jina lake, akaueleza kuwa wamepita tu kutumia choo, kisha wataondoka.

"Wa plastiki huo," akasema baba mkwe.

"Baba, ngoja kwanza..."

"Angalia majani. Halipo hata moja lililotobolewa na mdudu."

Wahlberg akanyoosha mkono, akaugusa. Plastiki.

Baba mkwe alicheka mpaka akapaliwa, mama mkwe akamwaga mchele, watoto wakatoka chumbani mbio wakidhani kuna harusi. Nikajaribu kutetea mwongozaji wangu kwamba labda alikusudia tucheke, lakini nani ananisikia? Wahlberg mwenyewe baadaye alisema hadharani kwamba sinema ile ni mbaya. Mimi nani nibishane na mwenye kazi?

Mwishoni, kila mtu Marekani akidhani mambo yametulia, yanaanza upya Paris.

"Wamefika Ufaransa!" baba mkwe akashangilia kama Coastal Union wamefunga. "Kwa mkaa wote huu tunaochoma, miti imevumilia sana."

Kabla ya kurudi Lushoto alipita kwa wauza miche, akaja na mwarobaini, akauchimbia shimo kwa mkono wake uani, unatazamana na dirisha la chumbani kwetu. Siku hizi akipiga simu haanzi na wajukuu.

"Mkwe, mti umeusalimia?"

"Nimeusalimia, baba."

"Jina umeutajia?"